Neno la Mwisho la Mukendi

Kuna siku moja haijanitoka, mwanangu Odette, na naikumbuka kwanza kwa kiu yake. Sogea, mlaze mtoto hapa mkekani, wala usiniambie tena nipumzike. Nimepumzika vya kutosha tangu hii miguu iache kunisikiliza. Najua Jumamosi parokia yetu ina siku ya kuwakumbuka waliouawa na walioumizwa na polisi, na kwamba kila familia itasimama ielezee kifo cha mtu wake. Najua pia kwamba baba mkwe wako, ambaye nilimzaa mwenyewe, amekuomba useme mumeo Trezo aliteleza akaanguka shimoni kule machimboni. Kabla hujamjibu, nisikilize mimi.

Kaka yangu Mukendi hukumkuta. Alikuwa fundi wa mabomba hapa hapa Kolwezi, kwenye kambi ya wafanyakazi wa mgodi, na ukimhitaji ulifuata mluzi wake. Tata, baba yetu, aliletwa kutoka Kasai akiwa kijana, kwa kazi ya shaba, lakini sisi tulizaliwa kwenye udongo huu mwekundu, na king'ora cha mgodi ndicho kilichotuamsha kila asubuhi. Kasai tuliijua kwa masimulizi tu. Halafu mgodi ukaanza kufa, mishahara ikapotea, na wanasiasa wakawaambia watu kwamba njaa yao tumeileta sisi wenye asili ya Kasai. Majirani tuliokula nao bukari, ugali wetu, sahani moja wakaanza kupita upande wa pili wa barabara. Tukatolewa nyumbani na godoro, sufuria na cherehani ya mama, tukaenda stesheni kungoja treni ya kutupeleka Kasai.

Tulingoja sana. Watu walilala chini ya maturubai kandokando ya reli, wengine wakazalia pale pale. Mukendi alikuwa akiwachekesha watoto kwa kumwiga mkuu wa stesheni anavyotembea na tumbo lake. Mpaka leo nikisikia mtu anapiga mluzi barabarani, nageuka. Bibi mzima na mkongojo wangu, nageuka. Hamu ya mtu haizeeki pamoja nawe, usidanganywe na mvi zangu.

Asubuhi ile mama alishikwa na homa na maji yalikuwa yamekwisha. Bomba lilikuwa moja tu, nyuma ya ghala, na polisi mmoja alililinda. Mukendi akachukua bido, dumu letu la maji, mimi nikamfuata. Yule polisi akasema hayo si maji ya watu wanaoondoka. Kaka hakugombana naye. Alitabasamu, akasema kwa upole, "Shefu, hii robine ni mi nilitengenezaka. Acha mama anywe."

Alipigwa kitako cha bunduki kichwani. Akaanguka, akapigwa tena akiwa chini, na hakuamka. Tulimzika nyuma ya reli siku ile ile, kimyakimya, kwa sababu tuliambiwa atakayelia atamfuata. Treni ikaja, tukapanda, tukamwacha peke yake.

Tukiwa ndani ya behewa, tata akatuambia kwamba tukifika tuseme Mukendi alikufa kwa homa. Usimhukumu, mwanangu. Alikuwa bado na watoto wadogo wa kiume, akaogopa kwamba wakikua na habari ile watarudi kulipa kisasi na kufa nao. Tena aliona haya, baba wa watu, kwamba kijana wake alipigwa yeye akiwa hatua chache kutoka pale. Hakuna aliyembishia, maana sote tulikuwa tumechoka.

Sasa, desturi yetu ya kilio unaijua. Kabla watu hawajatawanyika, mmoja wa familia husimama akaeleza kifo: ugonjwa ulianzaje, nani alimuuguza, alisema nini mwishoni. Na waliokuja wana haki ya kuuliza. Tulipofika Kasai, shangazi yetu, dada yake tata, aliwasha moto wa kilio uwanjani akaketi chini kabla hata hatujafungua mizigo. Huyo shangazi hakuwahi kumwona Mukendi hata mara moja. Tata akasimama, akaeleza homa. Shangazi akauliza ilianza lini, tata akajibu. Akauliza nani alimpa dawa, tata akasema ni mama. Kisha akauliza neno lake la mwisho lilikuwa nini.

Tata akageuka kumtazama mama. Mama akajifunika kitenge usoni.

Shangazi alikuwa mpole, lakini siku ile alimkemea kaka yake mbele ya watu wote. Alisema kwa Kiluba cha Kasai, nami nakupa kwa Kiswahili chetu: "Huyu mutoto sikumuona muzima. Mumeniletea kifo chake tu, na hicho pia munanipa cha uongo? Mi sitoke hapa chini, na huu moto hauzimwe, mpaka mutaniambia." Kisha akanigeukia mimi. "Na weye, ulikuwa naye?"

Nikasema, "Alisema, acha mama anywe."

Mengine yote yakafuata yenyewe. Mama, ambaye hakuwa ametoa chozi tangu stesheni, alilia mpaka wanawake wakamshika kiuno. Tata akaketi kwenye udongo, akaweka kichwa mapajani pa dada yake. Na wale wadogo zangu aliowahofia hivyo, unajua walitaka nini? Walitaka niwaonyeshe mluzi wa Mukendi ulikuwaje. Sikuwahi kujua kupiga mluzi, nikajaribu hivyo hivyo, nikawa natoa upepo tu.

Niliporudi Kolwezi, nimeshaolewa, nilikwenda kumtafuta nyuma ya reli. Malori ya madini yanaegeshwa pale sasa. Sina kaburi la kupalilia wala picha ya kaka yangu. Nina lile neno lake, na kama shangazi asingeuliza, hata hilo ningelimeza mpaka likapotea.

Basi shika hili, mwanangu. Sikutumi ukatukane polisi, wala usiongeze kitu. Lakini usimpe mumeo kifo kisicho chake kwa kuwaogopea walio hai. Simama Jumamosi ueleze ulichokiona siku ile ulipompelekea chakula kule machimboni Kasulo: polisi walivyofika, walivyompiga, na yeye alivyokuwa. Huyu mtoto aliyelala hapa atakuuliza siku moja, na ukimwambia baba yake aliteleza, ataishi akidhani baba yake hakuangalia alipokanyaga. Baba mkwe wako niachie. Ni mwanangu, na bado ananiogopa kidogo.

Mungu aliyemwona Mukendi pale bombani akupe sauti isiyokatika. Akulinde wewe na mtoto wako, awafikishe mvi kama hizi zangu, na wote waliozikwa bila kilio awape mtu wa kuwataja.

Lakini Jumamosi ni mbali kwangu. Trezo ni mjukuu wangu, nilimbeba mgongoni, na nimekaa na wewe muda wote huu bila kukuuliza, nikijifanya naamini habari ya shimo. Anza na mimi, Odette. Alisema nini mwishoni?