Nyufa za Fundi Laini

Kwa kupiga lipu, mtaa mzima haukuwa na wa kumfikia. Watu walisema, kwa kutia chumvi kidogo, kwamba nzi akitua kwenye ukuta wake anateleza. Ndivyo jina la Fundi Laini lilivyomganda, hata mkewe akawa anamwita hivyo mbele ya wageni. Nyumba yake mwenyewe ilikuwa kichekesho. Upande wa barabara iling'aa kama yai. Upande wa nyuma, ambako mteja hafiki, yalibaki matofali matupu ya udongo, maana kila alipokusudia kuumaliza ilizuka kazi ya mtu.

Chumba cha nyuma alilala mama mkwe wake, aliyehamia kwao baada ya kufiwa na mumewe. Bibi huyo alikuwa mpole wa sauti na mkali wa maneno.

Mwaka ule ukame ulikausha ule ukuta wa nyuma ukapasuka kila upande. Kisha mvua zikaja kwa fujo, na zilipokatika likafuata joto la fukuto. Nje kulikauka upesi, ila ndani ya nyufa unyevu ulikaa, na banda la kuku lililoegemea ukuta lilinuka kuanzia asubuhi.

"Baba, kuna vidudu vinaniuma," mama mkwe alisema siku moja wakinywa chai.

"Ni mbu hao, mama. Nitakununulia chandarua."

"Mbu huimba. Hawa wanaingia kimya, wanakula, wanaondoka bila kuaga. Na hicho chandarua ninacho, wanapenya."

Fundi aliingia chumbani, akakodoa macho kila pembe, asione kitu. Akamnong'oneza mkewe kwamba uzee nao una mambo yake. Mkewe akampa kisogo. Masikio ya mama yake yalikuwa mazima kabisa, na kwa siku kadhaa mzee yule alimjibu mkwewe kwa kukohoa tu.

Haukupita muda, jirani yao mchomeleaji akalazwa kwa homa isiyosikia dawa, tumbo limemvimba upande wa bandama. Hospitali wakasema ni ugonjwa unaoletwa na usubi, vidudu vidogo vinavyouma bila mlio. Bibi afya akatumwa mtaani na karatasi zilizopakwa mafuta ya nyonyo, akazitundika kwenye kuta za nyumba kadhaa ili kila kinachotua kinate. Fundi alimkaribisha kwa mbwembwe, akamwonyesha ukuta wa mbele.

"Huu hauna pa kujificha hata sisimizi," alisema.

"Nimeuona," alijibu bibi afya. "Na wa nyuma?"

Asubuhi karatasi zikakusanywa, majirani wamejaa uani. Ya ukuta wa mbele ilikuwa tupu. Ya nyuma ilikuwa kama imenyunyiziwa pumba: vijidudu vya rangi ya mchanga, vidogo kuliko mbu, mabawa yamesimama juu. Nyumba nyingine hazikufika hata nusu yake.

Fundi alijikuna kichwa. "Nadhani wameletwa na upepo."

"Upepo ukivuma hawa hawaruki kabisa," alisema bibi afya bila kucheka. "Na ukitulia wanarukaruka tu, hawafiki mbali. Hawa ni wenyeji wa hapa. Ukame umewapasulia vyumba, mvua imewatilia unyevu, joto limewaangulia mayai, na kuku wako wamewalisha."

Watu waliangua kicheko. Mama mkwe, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda chake, hakucheka. Alirekebisha khanga akasema taratibu, "Mimi niliambiwa ni uzee."

Uso wa fundi ulimshuka. Alitamani ardhi ipasuke, lakini ilikuwa imeshapasuka vya kutosha.

Siku ileile alimpeleka mama mkwe zahanati apimwe damu. Walikaa kwenye benchi, yeye akitazama viatu vyake. Mara picha ya mchomeleaji alivyobebwa kwenda hospitali ikamjia.

"Mama, ilinipasa kukusikiliza."

"Ilikupasa," alikubali, akamgawia nusu ya andazi lake. Majibu yalipotoka kwamba ni mzima, yeye alisimama kama aliyekuja kutembea tu. Fundi ndiye aliyelazimika kukaa tena chini.

Tangu hapo hapakuwa na kazi ya mtu. Mama mkwe alihamishiwa chumba cha mbele, na fundi na mkewe wakalala cha nyuma mpaka ukuta uishe. Kuumwa na usubi kila usiku kulimwongezea kasi ajabu. Alihamisha banda mbali na nyumba, akazoa udongo wenye samadi, akaziba nyufa, akapiga lipu, huku mzee akipitisha kidole nyuma yake.

"Hapa, baba."

"Hapo pamekauka vibaya tu, mama."

"Basi pakaushe vizuri."

Akarudia, tena kwa heshima zote.

Mvua zilizofuata, bibi afya alitundika karatasi tena. Zamu hii zilinasa usubi wa kuhesabika, nao, alieleza, walitoka kwenye kichuguu nyuma ya karakana ya mchomeleaji, ambaye alikuwa amepona na kurudi kazini. Fundi Laini alichukua sururu yake akaenda huko kupiga hodi. Mama mkwe alitangulia na kigoda.