Wifi Persida na Mtoto wa Ukutani

Wifi yangu Persida, dada wa marehemu mume wangu, aliuza vifungo na nyuzi sokoni mjini Sombor, Serbia, mpaka alipozeeka. Shule aliiacha mapema. Hata hivyo, kila sikukuu ya Mtakatifu Nikola, mlinzi wa nyumba yetu, ndiye huwaeleza wageni picha ya sebuleni: Jaji Avakum Stanarev, babu wa ukoo, alivyochorwa akiwa mtoto, karne ya kumi na tisa. Mimi niliyesoma chuo kikuu huangalia samaki asiungue.

Mwaka mmoja makumbusho ya mji yalitaka kuiazima, na jina la ukoo liandikwe chini yake. Bwana Gavrilo wa makumbusho akaja siku hiyo hiyo ya sikukuu. Alikula mlangoni kijiko cha ngano tamu ambacho kila mgeni wa sikukuu hupewa, akavaa miwani, akaisogelea picha.

"Huyu ni msichana," alisema.

Majirani walikuwepo, na Padri Sava, na Bibi Zlata ambaye mdomo wake haujui likizo. Mgeni wa sikukuu ya mlinzi haalikwi wala hafukuzwi. Isingekuwa hivyo, Bwana Gavrilo angekuwa nje bila koti.

"Zamani gauni walivaa wote," nilisema kwa upole.

"Gauni sawa, mama. Lakini tazama hereni. Tazama mwanasesere. Jaji wenu alikuwa na hereni?"

"Kumbe jaji wao wamemwokota mnadani," Bibi Zlata alinong'ona, kwa sauti ya kufika kanisani.

Persida akatua sinia.

"Alikuwa nazo. Mama yake alishazika wavulana watatu. Huyu wa nne akamvalisha kike, na mwanasesere juu, ili kifo kikija kutafuta mvulana kimpite. Wewe bwana umesoma na bado umedanganyika. Kifo hata darasa la kwanza hakijafika."

Padri alicheka mpaka rakia, pombe yetu kali ya matunda, ikampalia. Bwana Gavrilo alikiri kwamba mambo kama hayo amewahi kuyasikia vijijini, akaomba samaki.

Jikoni nilimuuliza, "Wifi, hayo alikusimulia nani?"

"Hakuna. Ulitaka tumwachie Zlata neno la mwisho?"

Picha ilitundikwa makumbushoni, jina letu chini yake. Siku ya ufunguzi walimwomba Persida aseme neno. Alipofika mahali ambapo jaji aliamua kesi yake ya kwanza akiwa bado na hereni moja, nilimshika kiwiko nikampeleka kwenye keki.