Mvua ya Jumapili

Neno lililonipandisha hasira lilikuwa "kituo kibovu". Mkuu wetu wa utafiti alilitamka huku anatafuna kashata, kidole kikiwa kwenye skrini, juu ya mstari wa Kibondo. Kituo chenyewe kilikuwa kipima mvua cha baba yangu.

Kazi yetu ni kuiga mvua kwa hesabu. Tunaipa kompyuta kuu upepo, joto, milima na ziwa, nayo inakokotoa mvua ya miaka iliyopita. Ikikaribiana na mvua iliyonyesha kweli, ndipo tunaiuliza ya miaka ijayo, ili mkulima ajue apande maharage lini. Kompyuta yenyewe iko nchi nyingine, imejaza ukumbi mzima, na tunaitumia kwa mtandao, kwa foleni. Mbele yetu yupo anayeiga nyota zinavyozaliwa, nyuma yetu anayeiga dawa inavyonasa kwenye kijidudu. Na ile mvua ya kweli ya kulinganishia, kwa upande wa Kibondo, ilitoka kwenye madaftari ya baba.

Kwenye mstari ule, kila siku ya saba ilikuwa kavu. Mwaka hadi mwaka, Jumapili sifuri.

"Hakuna wingu linalokwenda kanisani," mkuu alisema, wenzangu wakacheka. "Mzee alikuwa anabuni. Mwisho wa mwezi kiondoe."

Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika hapa. Kisha nikatoka nje nikampigia baba simu.

Baba ni mwinjilisti katika kijiji kilicho kando ya barabara ya kutoka Kasulu kwenda Kibondo. Alivuka kutoka Burundi akiwa mgongoni kwa mama yake, na uraia aliupata ana watoto wakubwa. Watu wa kilimo walimkabidhi kipima mvua kwa sababu ya mwandiko wake mzuri. Walimfundisha kwamba maji husomwa saa tatu kamili asubuhi, na yeye akalichukua hilo kama amri ya kumi na moja. Kisichosomwa saa tatu hakiandikwi. Sasa ibada ya Jumapili huanza saa mbili na nusu, na mwongozaji ni yeye. Jumapili hakusoma.

"Baba, Jumapili zako za sifuri zimetuharibia kazi yote!" nilifoka. "Ungeshindwa nini kutoka dakika tano? Mungu angekufukuza?"

"Nimesikia, mwana wanje," akasema, yaani mwanangu, kwa Kirundi chake.

Hakujitetea hata kwa neno moja, na hilo nalo liliniudhi.

Mwisho wa mwezi ulipokaribia nilichukua likizo nikaenda nyumbani kutafuta chochote cha kumtetea. Nilifika Jumamosi. Kesho yake kanisani, katikati ya mahubiri yake, baba alifunga Biblia, akashuka madhabahuni, akapita kati ya mabenchi akiwa na penseli mkononi, akatoka. Watu waligeuka kumtazama mpaka mlangoni. Mtoto mmoja akacheka, akafinywa.

"Siku hizi ndivyo anavyotufanya," mama aliyekaa karibu nami alininong'oneza. "Anasema mvua yake haingoji. Wazee wa kanisa walikwisha kumwonya kwamba leo akitoka tena wanaweka mwinjilisti mwingine."

Niliwachukia wazee wale wote, na suti zao. Nilitaka kusimama niwaambie kwamba mtu huyu amewabatizia na kuwazikia watoto, na hawawezi kumsubiri dakika tano. Lakini dakika tano zile nilizidai mimi, kwa simu, tena kwa kufoka. Nikabaki nimekaa.

Mchana niliyafungua madaftari mezani. Jumapili hazikuwa na sifuri. Kila Jumapili ya kabla ya simu yangu palikuwa na kistari, na kila Jumatatu tarakimu iliyowekwa ndani ya mabano, na mstari mdogo wa upinde ukiunganisha siku hizo mbili: maji ya siku mbili pamoja. Miaka zaidi ya ishirini, mwandiko uleule. Hakubuni hata tone moja. Nikaanza kupanga maneno ya kumtupia mkuu wangu na kashata yake.

Halafu nikakumbuka nani aliyaingiza madaftari yale kwenye kompyuta.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri chuo, nikapewa kazi hiyo katika ofisi moja Kasulu. Fomu ilikuwa na visanduku, na kisanduku hakikukubali kistari. Kila nikikiweka, mashine inalia. Sifuri ilikubalika. Maana ya kistari niliijua vizuri, nimekulia nyumba ile. Lakini nilikuwa na haraka, na sikumuuliza mtu. Nikabonyeza sifuri, Jumapili baada ya Jumapili, na tarakimu za Jumatatu nikaziingiza bila mabano yake, kama maji ya siku moja.

Nilimkuta baba uani, anakausha kopo la kupimia kwa upindo wa shati.

"Baba, zile sifuri ni zangu. Wewe uliandika sawasawa."

"Ego, ndiyo," aliitikia. "Nilijua sikuandika sifuri."

"Sasa kwa nini hukuniambia?" Hata hapo nilimfokea. Sijui nina ulimi wa namna gani.

"Ulisema kazi imeharibika. Wewe ndiye uliyesoma."

Nilimwambia nitairekebisha kazi ile yote kwa mkono wangu, na kituo chake hakiondoki. Nikamwomba Jumapili ijayo asitoke tena ibadani.

"Haina haja," alisema. "Wazee wameniita baada ya ibada. Wameshaweka mwingine. Jumapili saa tatu nitakuwa na nafasi."

Kisha akafungua daftari, akanisogezea, niangalie kama ya leo ameiandika vizuri.