Dainamo ya Gari la Mzee

Wiki jana jirani yangu wa karakana aliunguza mota ya drili, na harufu ya vanishi ikaingia kwangu kabla ya moshi. Niliweka kikombe cha chai chini. Mimi mwenyewe nimeshaunguza mota nyingi tu, lakini harufu hiyo bado hunifanya niitazame mikono yangu kama mtu aliyefumaniwa. Ngojeni niwaambie kwa nini, na msinicheke.

Baba alikuwa fundi wa umeme wa magari pale Sarang'ombe, Kibera. Mwaka niliotimiza miaka kumi na mmoja, kibanda chake cha mabati kilipigwa alama ya X kwa rangi nyekundu, kibomolewe, kwa sababu barabara ilikuwa inapanuliwa. Mteja humtafuta fundi pale alipomwacha mara ya mwisho. Asipomkuta, anakwenda kwa mwingine, na hakuna atakayemlaumu.

Ndipo akatokea Mzee mmoja wa Kawangware, mwenye ploti na nyumba za kupangisha. Alikuwa na gari jeusi alilorithi kwa babake, kuukuu kuliko Baba, akiliosha kwa mikono yake na asiruhusu mtu aliegemee. Binti yake alikuwa anaolewa Jumamosi na lazima apande gari hilo. Dainamo ya gari, ile inayochaji betri, ilikuwa imekufa.

"Fundi, hii kitu itaweza ama haitaweza?" aliuliza.

"Itaweza, Mzee. Nipee mpaka Friday."

"Ikichaji vizuri mpaka kanisa, ile stoo yangu ya kando ya barabara ni yako. Isipochaji, usinisumbue tena."

Baba hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini jioni ile alimwambia Mama habari za stoo hiyo mara tatu, na kila mara ilikuwa imeongezeka ukubwa.

Mimi nilijua kufungua stata kabla sijajua kusonga ugali usio na madonge, jambo lililomuudhi Mama sana. Nilikuwa nimepewa jina la nyanya yangu, mamake Baba, kwa hiyo Baba aliniita Mama, na ilikuwa kawaida kumsikia akipaza sauti, "Mama, leta spana ya kumi na tatu," wateja wakageuka wamtafute mwanamke mzima.

Ndani ya dainamo ile waya ulikuwa mzima. Kilichokuwa kimekwisha ni kaboni, vile vipande viwili vyeusi vinavyosugua shaba na kutoa umeme nje. Tulizunguka maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road yote, na kila duka muuzaji aliipindua ile kaboni iliyolika na kuturudishia. Mmoja alimwambia Baba awapelekee watu wa makumbusho. Jumatano ikapita, Alhamisi ikafika, na Baba akaacha kula mchana.

Mtaona ajabu, kaboni tulizipata Kisumu Ndogo, humohumo Kibera, kwa mama muuza omena. Alikuwa na dainamo ya zamani aliyoitumia kukandamiza turubai lake lisipeperuke. Mimi ndiye niliyeiona. Baba alipiga magoti pale kwenye magamba ya samaki, akaifungua, na ndani mlikuwa na kaboni nzima, kubwa kidogo kuliko zetu. Mama omena alikubali tuzichukue, mradi tumrudishie chuma chake kikiwa na uzito uleule. Tulizisugua kwa msasa mpaka zikaingia. Nilijiona fundi kamili.

Ijumaa mchana tulikuwa kwa Mzee, Kawangware. Wazee wawili wa upande wa bwana harusi walikuwa wameketi uani wakinywa chai, na Mzee alikuwa anatembea huku na huku. Baba alifunga dainamo, akaweka betri mahali pake bila kuiunganisha, kisha akavuka barabara kutafuta boliti.

"Kaza hizo waya za dainamo," aliniambia. "Nakuja."

Nilizikaza. Kisha nikaiona betri imekaa bure, waya zake mbili zikining'inia. Katika kila gari nililowahi kushika, hasi ya betri ilikwenda kwenye bodi. Hiyo ilikuwa sheria ya kwanza niliyofundishwa na Baba. Kwa hiyo nikauunganisha waya wa bodi na hasi, na ule mwingine na chanya. Ule wa bodi ulikataa kuingia vizuri, nikaulazimisha kwa bisibisi. Nilitaka Baba arudi akute kazi imekwisha.

Baba aliporudi, Mzee alikuwa ameshaketi nyuma ya usukani. "Tuwashe, Fundi. Watu wanangoja." Baba alikaza boliti yake akaitikia kwa kichwa. Hakuangalia betri; haraka ile ilimsahaulisha kwamba alikuwa hajaiunganisha.

Injini iliwaka mara moja. Wale wazee wakapiga makofi. Mzee akakanyaga mafuta kidogo, na hapo moshi mweupe ukafuka kwenye dainamo, na ile harufu ikatujia sote. Baba alirukia waya akaung'oa kwa mkono mtupu.

Mzee alishuka polepole, akatazama betri, na uso wake ukabadilika. Gari lile lilikuwa la kizamani, lililotengenezwa kinyume: chanya ndiyo iliyokwenda kwenye bodi. Yeye alijua. Baba alijua. Mimi tu ndiye sikuwa nimeambiwa.

"Nani amefunga hii betri?"

"Ni mimi, Mzee," Baba alisema.

Nyumbani tulifundishwa kusema kweli, na niliisema. "Si yeye. Ni mimi nimefunga."

Mzee alinitazama kama ndiyo kwanza ananiona. "Huyu msichana?"

"Mzee, usimsikize," Baba akasema. "Anatetea babake tu. Hajui hata betri inafungwaje. Mimi nimekosea."

Ningeweza kuvumilia kofi. Hilo sikuweza. Mbele ya watu wote Baba alikuwa amenifanya mwongo, tena mwongo asiyejua kazi. Bibi harusi alikwenda kanisani kwa gari la kukodi, stoo akapewa fundi mwingine, na kibanda chetu kilipobomolewa Baba alianza kufanyia kazi juu ya gunia karibu na Olympic, kulekule Kibera. Mimi nilimnunia wiki nzima. Yeye aliendelea kuniita nilete spana, nami nilizileta bila kumtazama.

Nilianza kuelewa baada ya kufungua karakana yangu mwenyewe, mteja wa kwanza alipouliza fundi yuko wapi huku akiniona nimeshika tochi. Nilimpigia Baba simu jioni ile nikamuuliza kwa nini alinikana siku ile kwa Mzee.

"Mimi nikiharibu gari, watasema fundi amekosea," alisema. "Wewe ukiharibu, watasema ona sasa, msichana na magari. Na ungewaamini, Mama. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja, na ungewaamini."

"Na stoo je, Baba? Kosa la mtoto Mzee angeweza kukusamehe."

"Stoo ningetafuta ingine."

Hakuwahi kuipata. Alizeeka juu ya gunia lile, na hakuna siku hata moja aliyonieleza bei ya uongo wake ule mpaka nilipomuuliza mwenyewe.