Duka Lililoonyesha Boma Letu

Ndugu yangu alipigwa risasi alfajiri, na mimi nikaendelea kuuza mbuzi hadi saa mbili na nusu asubuhi. Sikuwa najua. Simu ililia ile sauti yake ya duka, kama kijiko kinachogonga kikombe, na mtu wa Nairobi akawa ameagiza mbuzi wanne wa arusi. Nikamwandikia asante sana, karibu tena. Simu ilikuwa bado mkononi alipopiga jirani yetu wa malishoni.

"Nenda hospitali ukangoje," akasema. "Tumemfunga kwa pikipiki katikati ya watu wawili. Anapumua."

Hakutaja mbuzi. Nami sikuuliza, ingawa nilijua kwamba kama mbuzi wamekwenda, wadogo zangu wawili wa kike wamekwenda pia.

Wazazi wetu waliuawa siku moja, wakitoka soko la Garbatulla ndani ya lori la mifugo. Majambazi walisimamisha lori, wakawashusha watu na kuwalaza kifudifudi barabarani. Mama aliinua kichwa. Baba akainua mkono amfunike. Dereva, aliyepona, alitueleza hayo akiwa ameketi kwenye mkeka wetu, na mdogo wetu wa mwisho alikuwa anacheza na kiatu cha huyo dereva. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Sikurudi shule hata kuchukua vitabu vyangu.

Baada ya matanga baba mdogo, ndugu wa baba aliye dalali wa ngamia sokoni Isiolo, alitaka kutugawa. Mvulana aende kwake, wasichana waende kwa jamaa, mimi niolewe. Nikakataa mbele ya wazee. Akasema maneno ambayo watu wote waliyasikia: "Sawa. Walishe kwa mbuzi za baba yako. Siku mbuzi zikiisha, nakuja kuchukua wasichana." Nikasema sawa. Tangu siku hiyo kila mbuzi aliyezaliwa nilimwona kama tofali katika ukuta wa nyumba yetu. Ndugu yangu anayenifuata aliwachunga, siku hizi nje ya Rapsu, na mimi nikapanga chumba Bulla Pesa, mtaa wa Isiolo, ili wasichana wasome.

Madalali sokoni walikuwa wananichezea. Msichana bila baba akifika na mbuzi watano, wanamzunguka, wanamsukuma, wanatupa bei ya kuku. Mmoja aliwahi kunivuta shuka hadi nikaanguka kwenye mavi, na wengine wakacheka. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikaoga, nikaenda kwa mama mmoja wa ploti yetu mwenye saiba, kile kibanda cha kompyuta na intaneti, nikamwambia nataka kuuza bila kusimama sokoni.

Alinitengenezea duka la mtandaoni. Kwa siku mbili nilidhani kazi imekwisha.

"Hilo ni picha ya ukutani tu," akaniambia. "Duka bila kuunganishwa ni kama redio bila betri. Kaa hapa."

Tuliunganisha malipo kwanza. Yaligoma mara tatu kabla ya kukubali shilingi kumi za majaribio, naye akapiga makofi kama mtu aliyepata mtoto. Tukaunganisha ujumbe, ili mtu akiuliza dukani swali linifikie kwenye simu. Tukaunganisha dereva wa lori la kwenda Nairobi, ili agizo likilipwa apate taarifa saa ile ile, ajue apakie wangapi na awashushe wapi. Halafu duka likauliza: ziko ngapi? Nikajaza idadi. Ikawa kila ninapouza, duka lenyewe linapunguza, na chini ya picha mnunuzi anasoma waliobaki. Aliyefariki, au aliyezaliwa, ilinibidi nimtoe au nimwongeze kwa mkono wangu.

Baba mdogo alionyeshwa ile namba na dalali mwenzake sokoni. Alifika mlangoni kwangu adhuhuri, hata salaam hakutoa.

"Nani alikufundisha kuhesabu mifugo mbele ya watu?"

"Ni duka linahesabu, baba mdogo. Mtu asipoona idadi anadhani..."

Kofi lake lilinigongesha ukutani. Nilionja damu, na wasichana wakajificha nyuma ya pipa la maji.

"Watu wakiniuliza watoto wa marehemu kaka yangu ni wangapi, nasema wako. Mbuzi pia ni hivyo. Wako! Nani anataja? Ni mwizi tu ndiye anataka kujua ngapi."

Alipoondoka nikapaka chumvi kwenye mdomo. Sikuitoa ile namba. Nilikuwa nimeuza mbuzi tisa wiki ile bila kuguswa na mkono wa dalali, na nilifikiri ananipiga kwa sababu biashara imempita pembeni.

Jambo la ramani lilikuja kwa sababu ya matapeli. Wanunuzi wengi walikuwa wamewahi kulipia mbuzi wa picha tu, kwa hiyo waliniuliza, tutajuaje mbuzi wako ni wa kweli? Mama wa saiba akatafuta kile kifaa kidogo ambacho watu wa bodaboda huficha kwenye pikipiki ili ikiibwa ionekane. Kina laini yake ya simu. Ndugu yangu alicheka aliponiona nimekileta Rapsu. Akachonga kengele ya mti, nene, akakiingiza ndani na kukifunika kwa ngozi, akaifunga shingoni mwa beberu anayetangulia. Mama wa saiba akakiunganisha na duka. Kuanzia hapo mnunuzi aliyeko Nairobi angeweza kuona kwenye ramani alama nyekundu ikitembea polepole porini kwetu, akafurahi, akalipa. Maduka mengine hukaa mahali pamoja. Letu lilikuwa linatembea kutafuta majani, na sisi tukaliwekea alama ya kulifuata. Nilijivunia sana.

Jumapili ile kabla ya risasi, mteja aliyenunua mara mbili, ambaye sikuwahi kumwona uso, aliandika: Hizo zote ziko pamoja leo? Nataka nyingi. Nikamjibu: Ziko zote, karibu. Nikaongeza picha ya mkono unaosalimia.

Ndugu yangu alifika hospitali saa sita. Paja lilikuwa limefungwa kwa leso iliyokuwa ya kijani. Uso sikuutambua, jicho moja lilikuwa limezibwa na nyama yake mwenyewe, na meno mawili ya mbele hayakuwepo. Walimkata suruali kwa makasi nami nikamshika kichwa. Alitaka kuongea, nikamwambia nyamaza, hakunyamaza.

"Walikuja na simu mkononi, dada. Wanne. Wanaiangalia, wananiangalia. Mmoja akahesabu mbuzi. Akasema, hapa imeandikwa thelathini na nane. Mbona ni thelathini na saba?"

Nilimfuta damu ya kidevu kwa shuka yangu.

"Nikawaambia ni hizo tu. Wakasema nimeficha mmoja. Wakanipiga na vitako vya bunduki. Nikawaambia fisi alikula. Wakasema, duka halidanganyi." Alimeza damu. "Yule wa fisi, dada. Ijumaa nilikupigia. Hukumtoa."

Sikuwa nimemtoa. Ijumaa nilikuwa nafua nguo za wasichana, nikasema nitamtoa jioni, na jioni kukawa na agizo. Walimpiga risasi ya paja kwa ajili ya mbuzi aliyekuwa tumboni mwa fisi, ambaye alikuwa hai dukani kwangu tu.

"Simu yangu waliikanyaga," akasema. "Wakasema sasa hakuna mtu atatufuata." Halafu, kwa ule mdomo uliopasuka, akajaribu kutabasamu. "Kengele hawakuiangalia."

Walimwingiza chumba cha upasuaji. Nikafungua duka hapo hapo ukumbini. Alama nyekundu haikuwa Rapsu tena. Ilikuwa kwenye barabara ya kuja Isiolo, inaruka, inapotea mtandao ukikosekana, inatokea mbele zaidi. Nikampigia mama wa saiba.

"Mbuzi hawakimbii hivyo," akasema. "Hao wako kwa lori. Piga kwa ndugu ya baba yako."

"Yeye?"

"Una mwingine?"

Baba mdogo hakuniuliza maswali. Alisema tu, "Niambie pa kwenda." Nilipomfikia pale sokoni alikuwa tayari na watu kama ishirini, madalali na wapakiaji, wengine ni wale wale waliowahi kunicheka kwenye mavi. Walikuwa na rungu, fimbo, na vyuma vya kufungia milango ya lori. Mwizi wa mifugo huwaunganisha watu wa soko kuliko sala ya Idi. Nilitangulia na simu mkononi kama ndiyo tochi, na alama ilikuwa imekwisha kusimama muda mrefu nje kidogo ya Bulla Pesa, kwenye ua wa mabati ambao watu husema ni wa kuni.

Waliuangusha ukuta wa mabati kwa mabega.

Ndani kulikuwa na joto na harufu ya matumbo. Mbuzi walikuwa wananing'inia kwenye vyuma, wengine bado wanatikisika. Kichwa cha beberu kilikuwa chini karibu na mlango, macho wazi, na kengele bado shingoni kwenye kipande kilichobaki. Katika simu yangu alama nyekundu ilikuwa inapepesa kwa upole. Vijana wawili waliokuwa wakichuna waliruka ukuta wa nyuma. Mmoja alichanwa na mabati kutoka kwapa hadi kiuno na akaendelea kukimbia. Alibaki mwanamume mnene mwenye aproni ya plastiki. Alitupa kisu, akainua mikono.

"Mimi nimeletewa tu! Wallahi nimenunua kama mtu yeyote! Muulizeni huyu dada, ananijua mimi?"

"Unamjua?" baba mdogo akaniuliza.

Sikumjua. Fimbo zilibaki juu. Nikafungua ujumbe wa dukani, nikatafuta ule wa Jumapili, nikaibonyeza namba.

Ikalia chini ya aproni yake.

Alijaribu kuishika mfukoni kwa kiganja, kama mtu anayebana jeraha. Ililia mpaka ikaisha. Fimbo ya kwanza ilimpata kwenye kiwiko na nikasikia mfupa. Baada ya hapo sikusikia mmoja mmoja. Alianguka kwenye damu ya mbuzi wetu, akateleza, akajaribu kuinuka, wakamrudisha. Kuna mtu aliita tairi wamchome. Nami nilimpiga. Niliokota chuma, nikampiga mgongoni mara tatu, na kila mara nilikuwa naona jibu langu, Ziko zote, karibu. Sijui kama nilikuwa nampiga yeye. Ya nne haikufika kwa sababu polisi walikuwa wamefika na kufyatua risasi hewani, na watu wakatawanyika, na baba mdogo akaninyang'anya chuma akakitupa juu ya paa.

Yule mtu alichukuliwa akiwa hai. Taya lilikuwa limehama upande.

Mbuzi kumi na mmoja walikuwa bado wamefungwa kamba kwenye kona, wanatafuna katoni. Wale wenye bunduki hawakupatikana.

Baba mdogo alinawa mikono kwenye mtungi wa mchinjaji. Nilitaka kumshukuru. Alizungumza kwanza, bila ukali.

"Umeona. Zimeisha."

"Kumi na mmoja wako hai."

"Hizo ni za hospitali ya ndugu yako. Kesho alasiri nakuja na gari. Mdogo anakaa na mke wangu. Yule mkubwa kuna mtu Merti ameuliza habari yake."

Yule mkubwa ana miaka kumi na mitatu.

Kesho yake asubuhi nilikwenda saiba, nikamwambia mama atoe ramani na idadi, aache mengine. Alinitazama usoni, akafanya. Mteja wa arusi nilimrudishia malipo yake. Mbuzi wanne nikaahidi hoteli moja ya mjini. Nilirudi nyumbani nikawafungia wasichana ndani, nikaketi kizingitini na mchi wa kinu.

Alikuja alasiri kama alivyosema, na dereva wake. "Salaam aleikum," akasema. Nikaitikia vizuri.

"Toka mlangoni, mwanangu."

"Tulisema mbuzi zikiisha. Hazijaisha."

"Usinihesabie mbuzi tena, wewe."

Alinishika mkono wa nguo anitoe. Nilikuwa nimekwisha kupigwa na mkono ule mara nyingi, na kila mara nilijiambia ndiye aliyebaki kwa upande wa baba. Nikaunyanyua mchi. Nilimpiga kwenye kifundo cha mkono na kikavunjika. Sauti yake ilikuwa ndogo. Alipiga kelele ya kushangaa zaidi kuliko ya maumivu. Dereva akanisukuma, kichwa changu kikagonga nguzo, nikaona giza kisha nikaona miguu yake, nikaipiga hiyo pia. Wapangaji wakatoka. Mama wa saiba alitoka na kiti cha plastiki ameinua juu ya kichwa.

"Rudi kwa gari!" akamwambia dereva. "Rudi kabla sijakuvalisha hiki!"

Baba mdogo alikuwa ameukumbatia mkono wake kifuani. Jasho lilimtoka. "Umemvunja ndugu ya baba yako," akaniambia. "Hakuna mtu wa kwetu atakula kwako."

"Najua," nikasema.

Waliondoka. Kichwa changu kilikuwa kinatoa damu nyuma ya sikio, ikiteremka shingoni ikiwa na joto. Nikafungua mlango. Wasichana walikuwa wameketi juu ya kitanda, sare za shule wamezivaa na viatu, mifuko mgongoni, tayari kwa lolote ambalo lingeingia. Nikawasha jiko, nikapika ugali, nikakata sukuma. Walikula wakinitazama shingo. Yule mdogo akauliza kama baba mdogo atarudi.

"Atarudi," nikamwambia. "Vua mfuko, ule vizuri."

Akauvua, akauweka chini karibu na mguu wake, akajivutia sahani.