Siku Pikapu Ilipoacha Kuvuja

Kiplangat wa Olenguruone alijulikana kwa mambo mawili: viazi vyake havikuwa na matope, na pikapu yake ilivuja. Kila Jumanne na Ijumaa aliteremka alfajiri na viazi hadi soko la Nakuru, na alasiri akarudi na mizigo ya wenye maduka: unga, mbolea, sabuni, pengine na godoro la mtu likiwa limefungwa juu kabisa. Kushuka hakukuwa na taabu. Kupanda ndiko kulikotoa siri za injini. Akishaiacha Salgaa na malori yake, barabara ikianza kupanda kwelikweli kuelekea Sachangwan, mshale wa joto nao ulipanda, na kabla hajafika juu mvuke ulikuwa unafuka chini ya boneti.

Ugonjwa ulijulikana. Kulikuwa na kipande kimoja cha plastiki, kimepinda kama kiwiko, kinachopokea maji ya moto kutoka kwenye injini na kuyapeleka kwenye rejeta. Mafundi hukiita elbo. Plastiki ikichemshwa miaka na miaka huwa kama biskuti, na elbo ya Kiplangat ilikuwa na ufa ambao alikuwa ameuziba kwa gundi, kwa sabuni ya kipande, kwa mpira wa tyubu, na siku moja, alipokosa vyote, kwa ugali baridi. Ugali ulidumu kilomita nne.

"Mzee wangu, hii plastiki ilishakufa," Obura, fundi wake wa mtaa wa Shabab mjini Nakuru, alimwambia mwaka wa kwanza kabisa. "Wacha nikuchongee ya aluminiamu. Siku moja tu na utasahau hii shida. Usipoziba ufa, utajenga ukuta."

"Tutaona," Kiplangat alijibu, akaendelea kuona kwa miaka sita. Watu walisema ni ubahili. Wangejua! Ubahili haukuwamo hata kidogo.

Juu ya mlima ule, hatua chache kutoka barabarani, palikuwa na kibanda cha mabati cha Njoki, mjane wa miaka hamsini na kidogo, mwenye chapati laini na ulimi usio laini. Siku ya kwanza pikapu ilipozimikia mbele ya mlango wake, Njoki alitoka na jerikeni la maji kabla hajaitwa, akamkuta Kiplangat ameshanyoosha mkono kwenye kifuniko cha rejeta.

"Usiguse!" akamfokea. "Itakuchoma uso, mzee, na hiyo uso ndiyo uko nayo peke yake. Kaa chini, wacha ipoe kwanza. Nusu saa."

Kiplangat akacheka hadi akashika mbavu. Hakuwa amecheka hivyo tangu amzike mke wake. Akakaa. Katika nusu saa mtu hunywa chai, na kwenye chai mtu huongezewa chapati, na hivyo ndivyo mambo yalivyoanza.

Ijumaa iliyofuata alikuja na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, kutoka nyumbani. "Hii ni ya kukushukuru kwa yale maji," akasema. Njoki akachungulia ndani ya kikombe, akayaona yale majivu yanayotiwa na Wakipsigis, akauliza kama kibuyu kiliungua. Lakini alikunywa, na Jumanne akauliza kama kuna kingine. Tangu hapo ikawa desturi: mursik inaingia, maji yanatoka, na nusu saa ikawa saa nzima. Injini ile, kama ingekuwa na midomo, ingesema ilishapoa zamani na inataka kwenda nyumbani.

Walizungumza juu ya kila kitu isipokuwa kimoja. Kiswahili chao kilikuwa cha kuazima pande zote mbili, chake kikiwa na Kipsigis ndani na cha Njoki kikiwa na Kikuyu, kwa hivyo walikosea pamoja bila kuoneana haya. Walisema habari za mvua, za kanisa, za watoto, Lynn wa Njoki akiwamo. Njoki alimweleza mara nyingi habari za dada yake wa Ol Kalou, aliyekuwa na chumba cha duka kitupu na kila mwezi alipiga simu kumwita akakae naye.

"Na wewe humwambia nini?" Kiplangat aliuliza.

"Namwambia siwezi. Nikienda, hawa watu wa magari mabovu watapewa maji na nani?"

Kiplangat alitikisa kichwa kwa huruma. Alidhani Njoki anazungumzia watu wengine.

Mambo yangekwenda hivyo mpaka mwisho wa dunia kama si koito ya Jepkemei, binti yake, aliyefanya kazi katika duka la vipuri Nakuru. Koito, kwa asiyejua, ndiyo siku ambayo wakwe huja kuzungumza mahari, na baba wa msichana hatakiwi kuwa mahali pengine popote. Wakwe walifika Olenguruone asubuhi. Kiplangat alikuwa ameteremka Nakuru kuchukua soda. Akarudi saa tisa. Alieleza kwamba pikapu ilichemka na ikabidi aisubiri ipoe. Hakueleza kwamba ilipokuwa ikipoa yeye alikuwa akimsimulia Njoki habari za koito hiyohiyo, na kwamba chapati zilikuwa za moto. Wazee wa upande wa pili, kwa kuchoka, walikuwa wameanza kujadiliana wenyewe kwa wenyewe kuhusu idadi ya ng'ombe, na walikuwa wanaelekea kushindana.

Jepkemei hakupiga kelele. Alimngoja baba yake mpaka wageni wakaondoka.

"Dad, Jumanne ukifika town utapita kwa Obura. Nimeshaongea na yeye."

"Labda ile wiki nyingine, mama, kuna viazi..."

"Jumanne, Dad."

Jumanne Jepkemei alikuwa pale gereji kabla yake, ameketi juu ya tairi, amekunja mikono. Elbo mpya ilikuwa mezani. Ilikuwa ya aluminiamu, nzito, inang'aa, imechongwa vizuri hata Kiplangat mwenyewe akaishika mara mbili. Obura alipoifungua ile ya plastiki, ikamvunjikia mkononi vipande vitatu. Akakwangua masalio ya gasketi, akaweka mpya, akakaza bolti, akajaza maji, akaiwasha injini na kutandika gazeti chini yake. Injini ikanguruma nusu saa. Gazeti likabaki kavu, ukurasa wa michezo ukisomeka wote.

"Hii utawaachia wajukuu," Obura akasema kwa fahari.

Kiplangat akashukuru kwa uso wa mtu aliyeng'olewa jino zima.

Alasiri ile alipanda mlima akiutazama mshale wa joto kama mgonjwa anayeomba homa. Aling'ang'ania gea ya pili kilomita nzima ili injini ilie. Ililia, lakini haikupata joto. Mshale ulikaa katikati, ukatulia. Kibanda cha Njoki kikatokea mbele, na Njoki mwenyewe amesimama mlangoni, jerikeni mkononi.

Sasa asimame kwa sababu gani? Mzee wa miaka hamsini na minane, shemasi wa kanisa, anasimamisha gari zima mlangoni kwa mjane, halafu aseme nini? Maneno yote aliyokuwa nayo kwa miaka sita yalianzia kwenye ile plastiki. Woga ukamshika. Akapiga honi mara mbili, akapunga mkono, akapita.

Kwenye kioo cha pembeni alimwona Njoki akiliteremsha jerikeni polepole mpaka chini. Kibuyu cha mursik kilikuwa bado kwenye kiti, kimesimama wima kama abiria. Kiplangat akarudi nacho Olenguruone. Alijichukia usiku ule, tena sana, na Jumatano yote, na Alhamisi.

Ijumaa alikuja na mpango, na bisibisi.

Kabla ya kona ya mwisho alisimamisha gari, akafungua boneti na kulegeza klipu ya bomba la maji, pale bomba linapoungana na ile elbo mpya. Alitaka tone moja moja tu, la heshima. Lakini mtu aliyezoea kuziba hajui kipimo cha kuzibua. Maji yakaruka yakamlowesha shati, naye akaingia kwa Njoki ndani ya wingu la mvuke, moyo wake ukiwa na furaha kuliko siku yoyote ya wiki ile.

Furaha ikafa pale pale. Benchi zilikuwa zimepandanishwa moja juu ya nyingine. Sufuria zilikuwa zimefungwa ndani ya gunia. Kibao cha chai na chapati kilikuwa kimeng'olewa. Njoki alikuwa anafunga kamba, na jerikeni halikuonekana popote.

"Mama Lynn, unahama?"

"Nimemwambia dada yangu sawa. Lori ya Muiruri inakuja kesho asubuhi."

Kiplangat akatafuta la kusema, akapata lile la miaka yote. "Gari imechemka."

"Naona."

Njoki akachukua kitambaa, akaenda akainua boneti. Miaka sita ya kutazama injini ile ilikuwa imemfanya nusu fundi. Akaiona elbo ya aluminiamu, mpya, haina hata ufa wa unywele. Akaiona klipu iliyolegea. Kisha akaona, juu ya betri, mahali Kiplangat alipoiacha kwa haraka, bisibisi. Akaiokota kwa vidole viwili.

"Baba Jepkemei. Hii ni nini?"

"Ni bisibisi."

"Najua ni bisibisi. Inafanya nini hapa?"

"Ilisahau."

"Bisibisi ilisahau?"

Kiplangat akatazama viatu vyake. Njoki akaikaza klipu, akaikaza tena, na mvuke ukaisha. Alipogeuka, utani wote ulikuwa umemtoka.

"Jumanne ulinipita. Nimesimama hapo na maji, na wewe ukanipigia honi kama unapigia ng'ombe watoke barabarani. Nikajiambia sawa, gari imepona, mwenye gari hana haja na sisi. Sasa umerudi kufanya nini? Hii chuma haivuji. Unataka nini hapa?"

Mficha uchi hazai. Kiplangat alikuwa ameficha miaka sita, na lori la Muiruri lilikuwa linakuja asubuhi.

"Njoki," akasema. Hakuwa amewahi kumwita kwa jina lake. "Obura aliniambia nibadilishe hiyo plastiki mwaka wa kwanza. Mimi ndiye nilikataa. Ningebadilisha, ningesimama hapa nikwambie nimekuja kufanya nini? Nilikuwa nakuja kukuona wewe. Sitaki uende Ol Kalou. Nakupenda, na nimechelewa kusema, vile mimi huchelewa kila mahali."

Lori moja likapita likilalamikia mlima. Njoki alingoja mpaka sauti yake ikaisha.

"Hayo maji yako," akauliza, "unajua nilikuwa natoa wapi?"

"Kwa mfereji."

"Mfereji gani? Nionyeshe mfereji."

Kiplangat akatazama huku na huku. Kulikuwa na pipa moja chini ya mabati, basi. Miaka sita hakuwa ametazama.

"Hiyo pipa ni ya mvua, ni ya chai. Maji ya gari nilikuwa nachota huko chini mtoni. Kila Jumanne na kila Ijumaa, kabla ya saa tisa, nashuka, napanda nayo mgongoni. Dada yangu ananiuliza nangoja nini hapa, namwambia watu wa magari mabovu. Kiplangat, ni gari gani ingine umewahi kuona imesimama hapa kwa maji?"

Hakuna. Hakukuwa na nyingine. Kiplangat akahisi macho yanamwasha, na safari hii hakukuwa na mvuke wa kusingizia.

"Jerikeni iko wapi?" akauliza.

Njoki akaonyesha nyuma ya gunia. Kiplangat akalichukua, akauliza njia, akaonyeshwa kijia kinachopotelea kwenye vichaka. Akashuka akiimba wimbo wa kanisa. Kushuka, kama tulivyosema, hakukuwa na taabu.

Kupanda hakuimba. Alipumzika kwenye jiwe la kwanza, na la pili, na penye mti ulioanguka, na kila alipopumzika alifikiria miguu ya Njoki juu ya mawe yale yale, Jumanne na Ijumaa, matope na vumbi, kwa ajili ya gari ambalo lingeponywa kwa siku moja. Alijionea aibu, na katikati ya aibu akajikuta anatabasamu kama mjinga.

Alipotokeza juu, jasho linamtiririka na kifua kinapanda na kushuka, benchi moja lilikuwa limeteremshwa, likasimamishwa kwa miguu yake. Jiko lilikuwa linawaka. Kibuyu cha mursik kilikuwa kimetolewa kwenye pikapu kikawekwa mezani, na Njoki alikuwa kwenye simu.

"Muiruri, hiyo lori ya kesho wachana nayo," alikuwa anasema. "Hapana, hakuna kitu imeharibika."

Akakata simu. Akalipokea jerikeni, akaliweka chini, akamtazama Kiplangat kuanzia shati lililolowa mpaka viatu vyenye matope. Kiplangat akanyoosha mkono kuchukua kikombe.

"Usiguse," Njoki akamwambia. "Kaa chini upoe kwanza. Nusu saa."

Kiplangat akakaa.