Besi kwa Kilo

"Mbona mi sijisikii humu ndani?" Baba aliuliza, simu yangu kaibana sikioni.

Nilikuwa nimehamishia kwenye simu kaseti ya kwaya yao ya zamani, nakala pekee iliyobaki. Baba aliimba besi katika kwaya hiyo kabla sijazaliwa. Sauti za wanawake zilisikika zote, ya Mama ikiwemo. Za besi, haikusikika hata moja. Masikio ya Baba yalikuwa yanafifia kila mwaka, na daktari alishasema hayatarudi. Alitaka kujisikia mara moja kabla hayajaziba. Hakusema hivyo. Alisema simu yangu ni takataka.

Kispika cha simu hakiwezi besi, nikaamua kutengeneza spika kubwa zisizo na sanduku. Nilikuwa nimesoma kuzihusu: unatoboa ubao mpana, unafunga spika, mgongo unauacha wazi. Ubao tulikuwa nao hapo nyumbani Gihosha, mlango wa zamani wa stoo, nikaukata vipande viwili. Zikabaki spika zenyewe.

Muuzaji wa spika kuukuu katika soko la Kinama alizipima kwenye mizani, kama nyama. Sumaku nzito, besi nzito. Makanisa na baa zote za mtaani zilinunua hivyo.

"Kwa nini uzito?" nikauliza.

"Dada, we umesoma mpaka chuo, bado unauliza ju ya uzito?"

Hilo halikuwa jibu. Nikanunua nzito kuliko zote.

Kwenye ubao zilitoa sauti ya mtu anayegonga meza kwa kidole. Nikarudi kusoma. Sumaku kali huishika karatasi ya spika kama breki. Ndani ya sanduku, hilo hufaa, lakini kwenye ubao mtupu besi hukonda. Nilihitaji spika pana, yenye sumaku ndogo, na karatasi inayozama kirahisi ukiibonyeza.

Chini ya meza ya muuzaji yule kulikuwa na mbili za namna hiyo. Kuku alikuwa amelala ndani ya moja.

"Nataka kubadilisha. Nipe hizo."

"Izi? Izi hazina kilo, dada."

"Ndiyo maana nazitaka."

Akamgeukia jirani yake, mama wa nyanya. "Unaona? Chuo inaharibu watu." Kisha akamfukuza kuku na kubadilisha haraka, kabla sijapata akili.

Jumapili, baada ya ibada, nikazisimamisha sebuleni. Baba akazunguka nyuma.

"Sanduku iko wapi?"

"Hazina sanduku, Baba."

"Basi haujamaliza."

Akakaa hata hivyo. Nikaunganisha simu, nikawasha. Safari hii besi zilikuwepo, pana na tulivu, na Baba akaweka kiganja juu ya ubao. Kwenye ubeti wa pili akainua kidole.

"Uyo! Uyo ni mi! Mama watoto, unasikia?"

Mama alisimama mlangoni na mwiko wa maharage. Akasikiliza kidogo.

"Ndiyo," akasema. "Ni weye."

Akarudi jikoni. Baba alirudia ubeti ule mpaka maharage yakaiva.

Miaka ilipita. Masikio ya Baba yalipoziba kabisa, ndipo Mama aliponiambia, tukichambua mchele, kwamba siku ile ya kurekodi kaseti, mwalimu wa kwaya alimweka Baba nje ya kanisa mpaka mwisho, afukuze mbuzi.